Mtoto wa Desemba

"Mwalimu, mwakani nikija tena, umri utakuwa umenipita?"

Kijana aliyeniuliza hivyo alisimama mbele ya meza yangu, njumu zake zimefungwa kamba pamoja na kutundikwa shingoni. Mgongoni bado alikuwa na plasta tuliyombandika asubuhi, imeandikwa 47 kwa wino mzito. Orodha ilikuwa imeshasomwa. Waliochaguliwa walikuwa wanapiga picha kwenye goli la upande wa barabara; wengine wote walikuwa wanakung'uta matope na kuulizana habari za nauli.

Siku ile mimi ndiye niliyeshika kaunta buku. Katika majaribio ya vijana wa chini ya miaka 15 upande wetu wa Jinja, Uganda, naandika jina, shule, nafasi anayocheza mtoto na tarehe ya kuzaliwa, kisha mchana nakaa na makocha kutazama mechi na kusema ninachokiona. Nikafungua ukurasa wake. Tarehe 19 Desemba.

Nikamwambia ndiyo, kwa kundi hili atakuwa amepitwa. Mstari unachorwa tarehe 1 Januari.

"Sawa, Mwalimu. Asante."

Akaelekea steji ya boda, plasta bado mgongoni.

Ni wiki kadhaa sasa. Swali lile halijanitoka.

## Nilichokiona uwanjani

Kabla mpira haujamfikia, kijana yule aligeuza shingo. Kulia, kisha kushoto, upesi, kama mtu anayetaka kuvuka barabara ya Kampala. Kwa hiyo mpira ulipofika alikuwa ameshajua beki yuko wapi, akauacha upite katikati ya miguu yake na kuuokota upande wa pili. Uwanja ulikuwa na madimbwi, mpira wenyewe umelowa na kuwa mzito, na bado mguso wake wa kwanza ulikwenda alikotaka yeye. Akafanya hivyo tena. Mara ya tatu beki hakumpa nafasi ya kugeuka. Alikuwa kijana mwenye mabega ya mtu mzima na ndevu zinazoanza kuota. Akamsukuma kwa bega, namba 47 akalala kwenye tope, mwamuzi akaacha mchezo uendelee. Kwa sheria haikuwa faulo.

Kocha aliyekaa kulia kwangu akapiga mstari kwenye karatasi yake.

"Fundi huyu. Lakini aende kwanza akale posho."

Yeyote aliyewahi kukaa kwenye benchi la majaribio ameshaisikia sentensi hiyo. Tunaisema kwa upendo kabisa. Posho kwetu ni ugali; maana yake mtoto ni mdogo wa mwili, arudi akishakua. Ila hatumwambii arudi wapi, lini, wala nani atakayekuwa anamsubiri.

## Safu ya tarehe

Usiku nilikaa kunakili majina safi ya kupeleka mbele. Nilipofika chini nikarudi juu, nikasoma safu ya tarehe peke yake. Januari. Machi. Januari. Februari. Januari. Mei. Machi. Ikaendelea hivyo mpaka mwisho wa ukurasa. Waliozaliwa kati ya Oktoba na Desemba wangeenea kwenye boda moja na dereva wao.

Nikafungua kurasa za wote waliojiandikisha asubuhi. Huko miezi yote ilikuwepo kwa wingi. Sisi ndio tulioichuja, kati ya saa tatu asubuhi na saa kumi jioni, bila hata mmoja wa makocha kumuuliza mtoto alizaliwa lini. Makocha hawakuwa na daftari langu. Walikuwa na macho tu, na macho yao yalikwenda kwenye kalenda yenyewe bila kuiona.

Jambo hili nilikuwa nimeshalisikia kabla. Sikulisikia kwenye mpira wa miguu, na wala halikutoka Afrika.

## Kule kwenye barafu

Dada yangu anaishi Alberta, Canada, na mwanawe anacheza hoki ya barafu.

Wengi wetu huku, tukisikia barafu na michezo, tunauwaza ule uwanja mdogo ndani ya hoteli ya Panari, Nairobi, uliofunguliwa mwaka 2005, na vijana wa Ice Lions waliojifunzia pale mpaka Kenya ikapokewa kwenye shirikisho la dunia la mchezo huo, IIHF, mwaka 2024. Nawapongeza kwa moyo wote. Lakini Canada ni habari nyingine. Kule hoki ina uzito ambao kwetu unao mpira wa miguu, na kuna watoto wanaofungwa viatu vya kuteleza kabla hawajaanza shule.

Mpwa wangu aliitwa kwenye kambi ya vijana ya jimbo. Dada alinisimulia kwa simu: watoto wa miaka 14 na 15 wamevaa helmeti na mavazi mazito, sura hazionekani, kinachoonekana ni namba na ukubwa. Juu jukwaani wapo watu wachache wenye kahawa na daftari, hawaongei na mzazi yeyote. Kwanza watoto wanateleza mikono mitupu, mbele na kinyumenyume, wanatazamwa miguu. Kisha wanapewa kile kisahani cha mpira mgumu wanachokisukuma kwa gongo. Kisha wawili dhidi ya mmoja, kisha kugombania kisahani kwenye kona, mwili kwa mwili ukutani, na mwisho mechi. Jioni karatasi inabandikwa mlangoni.

"Hawajamchukua, kaka. Wamesema ana akili ya mchezo, ila aongeze nguvu."

Mpwa wangu amezaliwa Novemba.

Watu wa hoki ndio waliotutangulia kulijua jambo hili. Miaka ya 1980 mwanasaikolojia Roger Barnsley alikwenda na mkewe, Paula, kutazama mechi ya vijana mjini Lethbridge, hukohuko Alberta. Paula alikuwa anapekua kijitabu cha mechi chenye majina ya wachezaji na tarehe zao za kuzaliwa, na ndiye aliyeona kwamba wamejazana Januari, Februari na Machi. Barnsley akatafuta orodha za timu nyingine za vijana, kisha za ligi kuu, NHL. Kila alipogusa akakuta hali ileile. Mwaka 1985 wakaichapisha pamoja na mwenzao A. H. Thompson. Barnsley alifikia kusema kwamba ukichukua kundi lolote la vijana bora wa hoki, karibu 40 katika kila 100 wamezaliwa miezi mitatu ya kwanza ya mwaka, na karibu 10 tu miezi mitatu ya mwisho.

Sababu haina uchawi wowote. Makundi ya umri yanakatwa tarehe 1 Januari. Mtoto wa Januari anamzidi mwenzake wa Desemba karibu mwaka mzima, na wakiwa na miaka tisa, mwaka mmoja ni sentimita na kilo. Basi anachukuliwa timu ya juu. Anapata kocha mzuri, mazoezi zaidi, mechi zaidi, safari. Akifika miaka 14 ukubwa si tofauti pekee tena; ufundi nao sasa ni tofauti ya kweli, maana amefundishwa miaka mitano na watu wanaojua. Yule wa Desemba amefundishwa na yeyote aliyepatikana. Ndipo tunapokuja sisi na karatasi zetu na kusema tunatafuta kipaji.

Tena kwenye hoki kuna kugongana. Ni mwaka 2013 tu ndipo Hockey Canada, shirikisho la hoki la kule, ilipoondoa kugongana kwa mwili kwenye kundi la watoto wa miaka 11 na 12. Kabla ya hapo mwembamba hakuwa na pa kujificha.

## Waliopitwa

Mpaka hapo nilidhani habari hii ni ya kuhurumia: kuna watoto wanaonewa na kalenda, tuwaonee imani. Kilichonigeuza ni utafiti wa Robert Deaner na wenzake wa mwaka 2013. Waliwachukua Wakanada walioteuliwa na klabu za NHL kwenye drafti, yaani shughuli ya kila mwaka ambako klabu huteua vijana kwa zamu, kuanzia 1980 mpaka 2006, kisha wakafuatilia maisha yao ya hoki. Waliozaliwa miezi mitatu ya kwanza walikuwa 36 katika kila 100 walioteuliwa, lakini walicheza 28 tu katika kila mechi 100 zilizochezwa na kundi zima, na kuleta pointi 25 katika kila 100 (pointi kwenye hoki ni mabao na pasi za mabao). Waliozaliwa nusu ya pili ya mwaka walikuwa 34 katika kila 100 walioteuliwa; hao wakacheza mechi 42 na kuleta pointi 44.

Zisome tarakimu hizo polepole.

Wasaka vipaji wale wanalipwa. Wanazunguka Canada msimu mzima, wana video, wana vipimo, wanarudi kumtazama kijana mmoja tena na tena. Na bado, kwa karibu miaka 30, waliwapa watoto wa Januari nafasi kuliko walivyostahili, wakawapita watoto wa Agosti na Novemba ambao wangewaletea zaidi. Mtoto aliumia, ndiyo, lakini klabu yenyewe nayo ililala na hasara. Hapo ndipo nilipoacha kulitazama suala hili kwa jicho la sadaka. Kumchagua mtoto kwa mwili wa leo ni kazi ya kutafuta vipaji iliyofanywa vibaya.

Klabu ya NHL ya Detroit Red Wings walikuwa na mtu wao Ulaya, Msweden Håkan Andersson. Alikwenda Urusi kumtazama beki fulani, na macho yake yakaishia kwa kijana mdogo wa mwili aitwaye Pavel Datsyuk. Drafti mbili zilikuwa zimeshapita bila klabu yoyote kumtaja. Mwaka 1998 Detroit wakamchukua akiwa wa 171. Mwaka uliofuata wakamchukua Henrik Zetterberg akiwa wa 210, naye walimwona Sweden walipokwenda kumtazama mwingine. Mwaka 2008 wote wawili walilinyanyua Kombe la Stanley, lile la ubingwa wa NHL, na Zetterberg akatajwa mchezaji bora wa mtoano. Martin St. Louis hakuteuliwa na klabu hata moja, kwa ufupi wake. Mwaka 2004 aliongoza NHL nzima kwa pointi, akapata tuzo ya Hart ya mchezaji mwenye thamani kuliko wote, na kombe lenyewe akiwa na Tampa Bay.

Hadithi hizi zinapendeza, na hapo ndipo penye hatari yake. Datsyuk na St. Louis tunawajua kwa sababu walibaki mchezoni mpaka miili na watu vikawafikia. Walioacha wakiwa na miaka 13 hawana picha popote. Nimemsikia zaidi ya kocha mmoja akiapa kwamba kipaji cha kweli hakipotei. Mimi huwa najiuliza angekijuaje kilichopotea.

Na mstari wenyewe unapita popote ulipochorwa. Kwenye drafti ya NHL unapita tarehe 15 Septemba. Auston Matthews, aliyekulia Arizona, nchi ya jangwa, alizaliwa tarehe 17 Septemba 1997. Siku mbili zikamsogeza mbele mwaka mzima. Akautumia mwaka huo kucheza na watu wazima Uswisi, kwenye timu ya ZSC Lions ya Zurich, na mwaka 2016 Toronto wakamteua wa kwanza kabisa. Yeye mstari ulimpa muda wa kukua. Namba 47 angezaliwa majuma mawili baadaye, mwakani angekuwa mkubwa wa kundi lake, na kocha angemwita fundi bila kuongeza habari za posho.

## Januari yetu

Hapa ndipo nilipokwama, na nilikwama muda mrefu.

Canada, tarehe iliyo kwenye daftari ndiyo tarehe. Kwetu? Nilirudi kwenye kaunta buku, nikaziangalia upya zile Januari. Nyingi zilikuwa siku moja: tarehe 1.

Sote tunajua inakotoka. Mtoto amezaliwa nyumbani, bibi anakumbuka ulikuwa msimu wa kuvuna mahindi, mwaka wa uchaguzi. Siku ya kuandikishwa shule mwalimu anauliza tarehe, mzazi anataja mwaka, mwalimu anajaza Januari moja ili foleni isogee. Hakuna aliyedanganya. Lakini zipo pia Januari moja zilizoandikwa na mtu aliyetaka kijana abaki upande mzuri wa mstari, na mwaka wenyewe umevutwa mbele. Nikiikodolea macho tarehe ile kwenye karatasi, siwezi kumtofautisha bibi mkweli na wakala mjanja.

Kwa hiyo orodha yangu iliyojaa Januari inaweza kuwa inasema mambo mawili tofauti. Labda tumewachagua waliowatangulia wenzao kwa miezi, vilevile wanavyofanya Canada. Labda tumewachagua waliowatangulia kwa miaka. Kwa vyovyote vile, siku ile kilichoshinda ni mwili.

Suala la umri sisi tumelishughulikia kwa njia moja: kukamata. FIFA walianza kutumia MRI kwenye Kombe la Dunia la chini ya miaka 17 mwaka 2009 kule Nigeria. Kijana anaingiza kifundo cha mkono kwenye mashine, daktari anatazama kama ile sehemu ya mfupa inayokua imeshaungana. Ikiwa imeungana kabisa, hachezi. Naliunga mkono jambo hilo. Ila tazama limekaa wapi kwenye safari ya mtoto: mwishoni kabisa, timu ikiwa imeshapatikana. Anayekamatwa anarudishwa kwao. Aliyenyang'anywa nafasi na huyo, miaka miwili nyuma kwenye uwanja wenye madimbwi, harudishwi kambini, maana hakuna aliyelihifadhi jina lake.

Halafu tuseme tumewakamata wote. Wamebaki watoto wa kweli wa miaka 14, vyeti safi, hakuna ujanja. Bado wa Desemba atasimama mbele ya wa Januari. Bado ambaye mwili wake unachelewa atasimama mbele ya ambaye mwili wake umewahi. Kwa wavulana wengi kasi ya kurefuka hufika kileleni karibu na miaka 14, lakini kuna wa miaka 12 na kuna wa 16. Wawili waliozaliwa wiki moja wanaweza kutofautiana ukuaji wa miaka kadhaa, na wote wawili ni wakweli.

Liko na la njaa. Utafiti wa kitaifa wa afya na kaya wa mwaka 2016 ulikuta watoto 29 katika kila 100 wa chini ya miaka mitano nchini Uganda wamedumaa. Hesabu miaka. Watoto wale ndio hawa wanaopanga foleni mezani kwangu sasa. Tunapomwambia mmoja wao aende akale posho, kuna uwezekano mkubwa tunazungumza na mtoto ambaye kweli hakuipata.

## Ada ya shule

Mpwa wangu alilia, kisha akarudi kwenye timu ya mtaani kwao, na Jumatatu alikuwa darasani. Huo ndio utofauti unaoniumiza kuliko yote.

Kwetu mpira ni ada. Mtoto akichaguliwa kwenye majaribio haya anaonekana na walimu wa michezo wa shule kubwa. Akiwa na bahati anapewa basari: ada, kitanda bwenini, chakula. Shule zetu zenye majina kwenye mpira, kuanzia St. Mary's Kitende, zimewalea wachezaji wengi wa timu za taifa kwa njia hiyo, na Mungu awazidishie, maana wapo vijana ambao wasingemaliza kidato cha nne bila mguu wao wa kushoto.

Sasa geuza upande wa pili. Asiyechaguliwa anarudi kwenye shule ambako anadaiwa. Muhula ukifika katikati anatolewa darasani akatafute ada. Nimefundisha muda wa kutosha kujua anakoishia: steji ya boda, kubeba matofali, kuvua mukene ziwani. Mpira wenyewe anaucheza jioni, na jioni nyingine haji kwa sababu amechoka.

Aliyekuja na mwili tunampa chakula na kitanda. Aliyekuja bila mwili tunamrudisha kule ambako mwili haukupatikana. Baada ya miaka mitatu tunawapambanisha tena, tunajipongeza kwamba tulichagua vizuri.

## Nilivyobishana na Kocha

Kocha mwenzangu si mtu wa kubezwa. Tumefahamiana tangu tunacheza pamoja utotoni, kwenye kambi ya jeshi ambako baba zetu walikuwa wanafanya kazi, na mpaka leo tukikasirikiana tunakasirikiana kwa Kiswahili cha kambini. Nilimpelekea daftari nyumbani kwake, Bugembe.

Akasoma. Hakukataa.

"Mwalimu, mimi nahukumiwa kwa mashindano yaliyo mbele yangu. Nikiwapeleka hawa wadogo wako wakafungwa sita, nani atakayeniuliza wamezaliwa mwezi gani?"

Kisha akanikumbusha mambo ambayo siwezi kuyapinga. Njia hii ninayoilaumu ndiyo iliyoipeleka Uganda fainali ya Afrika ya chini ya miaka 20 kule Mauritania mwaka 2021, tukafungwa na Ghana mawili bila, na Derrick Kakooza akaibuka mfungaji bora. Ndiyo iliyotupeleka Qatar mwaka 2025, Kombe la Dunia la chini ya miaka 17 kwa mara ya kwanza katika historia yetu. Na akaongeza kwamba ugumu unakomaza: mdogo anayepona kwenye mikono ya wakubwa anatoka na akili mara mbili.

Hilo la mwisho ni kweli. Wanaopona hupona wakiwa na akili. Takwimu za Deaner zinasema hivyohivyo. Lakini kupona kunataka mahali pa kuendelea kucheza, na mahali hapo ndipo tunapomfungia mlango.

Nilimjibu pia kwa Qatar yake mwenyewe. Zamani Kombe la Dunia la chini ya miaka 17 lilikuwa kila baada ya miaka miwili, kwa hiyo aliyezaliwa mwaka usio sahihi alikuwa hana lake. Unapata kizazi kimoja chenye nguvu, unakwenda nacho. Tangu 2025 linachezwa kila mwaka, nchi 48. Kila mwaka wa kuzaliwa sasa una timu yake. Hatuwezi kuendelea kuchota kwenye miezi mitatu ya kwanza ya kila mwaka na kudhani kisima hakitakauka.

Akanyamaza. Mkewe akatuletea chai. Halafu akauliza lililonishinda kulijibu usiku ule.

"Haya. Tarehe huziamini. Mwili hutaki niutazame. Sasa nimtazame nini?"

## Ukuta na chokaa

Waholanzi walijaribu jambo moja zuri. David Mann na Pleuntje van Ginneken walichapisha mwaka 2017 jaribio walilolifanya na wasaka vipaji wa mpira wa miguu. Waliowapa tarehe za kuzaliwa kwenye karatasi hawakubadilika. Waliendelea kuwapendelea wakubwa. Lakini walipowavalisha watoto namba za jezi kwa mpangilio wa umri, jicho likapata kipimo palepale uwanjani, na upendeleo ukaondoka. Nimeipenda sana akili hiyo. Kwetu itayumba, kwa sababu ya zile Januari moja. Kinachonifaa mimi ni somo lililo ndani yake: kumwambia kocha awe mwangalifu hakusaidii, lazima umwonyeshe kitu wakati mpira unachezwa.

Waingereza kwenye akademia zao wana njia nyingine, ya kuwapanga watoto kwa ukuaji wa mwili badala ya tarehe. Hesabu zao zinataka kimo cha wazazi, na wazazi wa watoto wetu wengine hawapo. Lakini kimo cha mtoto mwenyewe hakihitaji cheti cha mtu. Ukuta upo. Chokaa ipo.

Kwa hiyo nimependekeza hivi. Asubuhi kila mtoto anasimama ukutani, anapimwa, anapimwa na uzito. Mechi mbili za mchana zinachezwa kama kawaida, mchanganyiko. Nyingine moja inapangwa kwa vimo: wadogo na wadogo, wakubwa na wakubwa. Humo namba 47 hana bega la mtu mzima la kumlaza kwenye tope, na yule mwenye ndevu hana mtoto wa kumlaza. Sasa tutazame nani anageuza shingo kabla mpira haujafika. Na tuwatazame wakubwa kwa makini yaleyale, maana wapo kati yao mafundi wa kweli ambao hawajawahi kulazimika kuutumia ufundi wao, na wapo ambao mechi hiyo itatuambia kwamba walikuwa na kilo tu. Huyu wa pili ndiye anayetugharimu, tunapomkuta amekwama miaka mitatu baadaye.

Pili, nataka orodha ya pili. Iwe na majina ya walioonekana na akili ya mchezo bila mwili, namba ya simu ya mwalimu wao wa michezo, na kimo cha siku ile. Kila likizo wapimwe tena ukutani. Anayepanda kwa kasi aitwe hata kama umri wa kundi lake umepita, aingizwe linalofuata. Ubelgiji wana timu za taifa za pembeni kwa ajili ya vijana wanaochelewa kukua, kwa hiyo simwombi Kocha jambo ambalo halijawahi kufanyika duniani. Na orodha hiyo ikae mezani kwa walimu wa shule zenye basari, sambamba na ile ya kwanza.

Kocha amekubali mechi moja ya vimo kwenye majaribio ya likizo ya muhula wa pili. Kambini amenipa nafasi mbili za orodha ya pili. Mimi nilitaka tano, na sijamaliza kubishana naye. Chakula cha hao wawili bado hakina mfadhili, hilo nalitafuta. Mwalimu yeyote wa michezo kati ya Njeru na Iganga mwenye mtoto aliyeambiwa aende akale posho, nakuomba umlete, cheti awe nacho asiwe nacho. Na kuanzia wiki hii msimamishe kwenye ukuta wa darasa, piga mstari wa penseli juu ya kichwa, andika tarehe pembeni. Nitaanza na mistari hiyo.